Ombi kuhusu Kidole cha Neema

Ras Al Khor, Dubai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba goti lako limepata nafuu baada ya mvua kukatika, na kwamba Mama na mwanangu Neema wanaamka salama. Mimi ni mzima. Joto la huku mwezi huu linapenya hata soli ya kiatu, lakini ndani ya maabara tunafanya kazi tukiwa tumevaa masweta, kwa hiyo sina haki ya kulalamika.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja. Jumapili uliponiambia, kama mtu anayetaja habari ndogo, kwamba Neema aliokota popo aliyeanguka jikoni na popo huyo akamng'ata kidole, nilianza kukueleza jambo nawe ukanikatiza. Mimi sina desturi ya kumkatiza mzazi wangu. Barua haikatizwi. Nimeipiga picha na kuituma kwenye simu ya Shangazi Paulina, nikimwomba akusomee leo hii hadi mwisho.

Unafahamu kwamba kazi yangu ni kuosha vyombo katika maabara ya magonjwa ya wanyama. Mkuu wetu, Daktari Salma, ni mama wa makamo ambaye wazee wake walitoka Unguja zamani wakaweka makazi Deira, hapahapa Dubai. Yeye huchunguza damu ya popo wa Amerika ya Kusini ambao hawali tunda wala mdudu. Chakula chao ni damu ya ng'ombe, na mara nyingine ya mtu aliyelala: humkata kidogo kwa meno, kisha hulamba. Damu hiyo ya popo hutufikia ikiwa imekwisha kutiwa dawa na virusi vyake vimekufa, hivyo usiwe na hofu juu yangu. Asiyeamini ni Otieno, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja. Kila nikirudi huniuliza, "Buda, hao mumiani wako wameshiba leo?" kisha anasogeza kitanda chake.

Ugonjwa ambao Daktari anautafuta katika damu hiyo ni kichaa cha mbwa. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka kama ulivyocheka wewe Jumapili. Nilimwambia, "Samahani, Daktari, popo na mbwa wapi na wapi?"

"Jina ndilo linalokuponzeni," alinijibu. "Mngeliuita kichaa cha meno, mngelipona wengi."

Leo Jumatatu asubuhi nilimpa habari za Neema. Nilitanguliza kwamba popo wa kwetu hula maembe, hawanywi damu. Hilo hakulijali.

"Kamng'ata?"

"Ndiyo, Daktari. Lakini Baba anasema ni kitundu kama cha sindano."

Akavua miwani. "Festo, hao popo wa kwenu miye siwajui. Wengi huwa hawana kitu. Wengine wana ugonjwa huu au ndugu yake. Lakini popo mzima haokotwi na mtoto. Naende leo akachomwe sindano. Mkisubiri muone dalili, wallahi, khalas, hapana daktari tena."

Kwa hiyo, Baba, kwa unyenyekevu, ninaleta ombi langu. Kidole kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, hata kama kitundu kimekwisha kuziba. Kisha Neema apelekwe hospitali ya wilaya leo, si kesho, na arudishwe kwa kila sindano watakayompangia, hata akilia.

Shangazi amenijulisha kwamba baada ya simu yetu ulikwenda kumfunga mbwa wetu Simba kwenye mkorosho ili umchunguze. Naiheshimu tahadhari yako.

Nafahamu pia kinachokuzuia, kwa maana ulikitamka mwenyewe: "Mimi mzee wa kanisa niende kumwambia nesi popo amempa mtoto kichaa cha mbwa? Unataka wanicheke mpaka getini?" Baba, tangu nilipoishia darasa la saba nimejifundisha kuliweka kila neno mahali pake, na sijapata kukuandikia neno lisilo kweli. Mwambie nesi kwamba ni popo. Ndiyo kweli, na ndivyo inavyopasa. Lakini mdomo ukiwa mzito, sema mbwa. Sindano ni ileile. Kosa la neno hilo liwe langu.

Mfikishie Mama salamu zangu, na Shangazi msomaji wetu. Msalimie kaka Deo mwenye pikipiki, ambaye nimekwisha kumwomba asitoke na abiria mwingine leo. Nadhani yuko hapo nje anakusubiri. Neema mwambieni kwamba popo yule hakumchukia, alikuwa anaumwa, na kwamba baba yake anangoja kusikia sauti yake akiwa hospitali.

Ni mimi mwanao mtiifu,

Festo

Nyongeza: Simba afunguliwe. Hana kosa.