Mlango wa Gereji na Neno Ejo

Baba, shikamoo.

Nimewahi shuleni Kibimba. Uji wa mtoto wa Niragira uko jikoni, nimeufunika. Tafadhali usiuguse mlango wa gereji, nimeuegemeza tu ukutani.

Fundi Bizimana atapita mchana. Mlango mpya anataka elfu tisini, maana siku hizi mabati yote yanaishia kambini kwa wakimbizi. Najua ni nyingi. Chukua mshahara wangu, uko kwenye kopo la majani ya chai. ~~Niragira na mwanawe wahamie kwa shangazi kule Runazi mpaka~~ Hapana, Baba, wasihame.

Asubuhi ulifoka, "Mgeni gani huyu? Nimempa pa kulala, naye ananidanganya!" Niragira hakudanganya. Nilimuuliza habari za fundi wa bawaba, akajibu, "Ejo." Kwao na kwetu ejo ni jana, na ni kesho pia. Mimi nikakuambia zilitengenezwa jana, kumbe fundi alikuwa aje kesho. Nawe ukavuta kwa nguvu zako zile, mlango ukaangukia boneti ya gari lako.

Usiku tutaning'iniza turubai pale mlangoni, mtoto asipigwe na baridi. Analala humo gerejini na mama yake tangu wavuke mpaka, hawana kwingine.

Lakini hasira zikikuzidi, ukaona lazima waondoke, basi mwambie waondoke ejo. Nikirudi nitamweleza kwamba imeshapita.

Kifungua mimba wako