Nondo wa Dakika Kumi na Nane

Nyumba ya Kufugia Wadudu,
S.L.P. 88.
14 Agosti

Mpendwa kaka yangu,

U hali gani huko ugenini? Kifua kimepona? Wifi na mapacha hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili, ila mimi kinyaa kimenijaa mpaka kooni, na nisipokuandikia wewe nitamtapikia mtu asiyehusika.

Kazi yangu unaijua. Tunafuga wadudu waharibifu, tunawapiga mionzi wawe tasa, kisha tunawaachia shambani. Wakipandana na wenzao wa porini, mayai hayaanguliwi. Kwa nzi wa matunda tulifaulu sana: dakika sita ndani ya mashine, kwisha habari yao.

Mwaka huu tukaletewa nondo wa kabichi. Huo ni uchafu mtupu, kaka. Chakula cha viwavi wao kinanuka kama soksi zilizosahaulika kwenye ndoo, na vumbi la mbawa linaingia puani, kwenye kope, hadi ndani ya chai. Hayo niliyavumilia. Niliyeshindwa kummeza ni Mkuu wetu.

Wadudu hawalingani mbele ya mionzi. Kinachomhasi nzi, nondo anakiota kama jua la asubuhi. Si bure wakaitwa jina moja na vyuma vya ujenzi! Niliwajaribu kwenye vizimba vidogo: waliokaa dakika sita walizaa kama kawaida. Nilipofikisha dakika kumi na nane ndipo mayai yakanywea. Nikampelekea Mkuu karatasi ya majibu. Nilimkuta anachokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu.

"Mdudu ni mdudu tu, binti," akasema. "Wageni wanakuja Ijumaa kutazama tukiwaachia shambani. Dakika kumi na nane kila kopo, tutamaliza lini?"

"Basi wageni wangoje."

"Utawaambia wewe?"

Sikuwaambia. Na hapo ndipo ninapojichukia, maana shamba lenyewe lilikuwa la shangazi. Mimi ndiye niliyemshawishi asipulizie dawa msimu huu. Nondo wakapigwa dakika sita tu, maboksi yakafunguliwa, wakaruka, wageni wakapiga makofi, Mkuu akapigwa picha akiwa ameweka mkono begani kwa shangazi yetu.

Baada ya wiki tano shangazi akaniita. Kabichi zote zilikuwa matundu matupu. Nikapasua moja: viwavi wamejazana, wanajinyonganyonga juu ya kinyesi chao wenyewe, na majani yaliyooza yanachuruzika kama uji. Nilitapika mtaroni. Shangazi akanishika mgongo.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nikamwambia nilijua, tangu kwenye vizimba. Akauondoa mkono wake. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

Jumatatu yake Mkuu akaniletea ripoti nitie sahihi: eti mvua ndiyo iliyoharibu kazi. Ananukia marashi, anatabasamu.

"Mvua haitagi mayai, mzee," nikamwambia.

Nikabana majibu yangu nyuma ya ile ripoti, nikaipeleka mwenyewe kwa bodi inayotusimamia. Unajua kilichotokea? Mkuu amehamishiwa ofisi kubwa zaidi, yenye zulia. Mimi nimekabidhiwa ufunguo wa mashine, na nondo sasa wanakaa dakika zao kumi na nane. Nikikumbuka lile zulia, natema mate.

Kila Jumamosi naenda kwa shangazi kuokota viwavi kwa mkono. Wanatumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, wengine wanapasukia vidoleni. Yeye safu yake, mimi yangu, wala hakuwa amenigusa tena tangu siku ile ya mtaroni. Jumamosi iliyopita alinijia, akamtoa kiwavi aliyenipanda shingoni, akamponda kwa kidole gumba, kisha akakifutia kidole chake kwenye blauzi yangu, taratibu, mpaka kikatakata.

"Haya, endelea," akasema.

Kaka, niliona kinyaa, na nililia kwa furaha.

Msalimie wifi, wabusu mapacha, na mama mkwe mpe pole ya miguu. Ukimpigia shangazi mjulie hali tu, usinitetee. Mungu akulinde utokapo na urudipo.

Nikupendaye bila kupungua,
Dada yako mkubwa