Jibu Lako Kuhusu Chiriku

Duka la Dobi, chumba cha nyuma,
Barabara ya Stesheni.
Jumatatu, 26 Agosti.

Mpendwa Shemeji,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mwanyumba wangu fundi bomba naye hajambo. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi, na ninyi mnakaa ghorofa ya tatu, sasa sijui alitaka uwe unavutwa kwa kamba. Mwambie mwanyumba akubebe. Alikula kiapo mbele ya watu.

Sisi huku wazima. Mama yangu ana presha yake, wameshazoeana. Mdogo wangu Breki bado anaendesha gari la watu na bado anasema mwaka huu anaoa. Chiriku amerefuka, tumeshusha pindo la sketi za shule na bado magoti yapo nje. Mimi pia mzima. Ukinipima utakuta kila kiungo kinafanya kazi.

Najua hujafungua bahasha hii ili usome habari za pindo. Ulipokuwa unaondoka baada ya mazishi ya mdogo wako uliniomba nikupe Chiriku umlee, ukasema nisijibu kwa haraka, nikujibu kabla shule hazijafunguliwa. Nilisema nitafikiri. Ukweli ni kwamba sikufikiri. Nilipiga pasi. Shuka za hoteli, mashati ya benki, makoti ya watu nisiowajua, tangu mwezi wa tatu mpaka wa nane. Mchana ukiisha nilikuwa nafunga duka, nakula, nalala.

Uliniangalia sana siku ile makaburini ukitafuta machozi. Sikukulaumu. Hata mimi niliyatafuta. Moyo umekufa ganzi, Shemeji. Unajua mguu ukifa ganzi unavyokuwa: unaukanyagia, unakubeba, unajua ni wako, ila haukupi habari yoyote. Ndivyo nilivyo mpaka leo, na ndivyo nilivyokwenda ziwani.

Safari yenyewe aliipanga marehemu mdogo wako. Kila kiangazi alikuwa anasema mwaka huu lazima twende milimani tukalione lile ziwa, na kila kiangazi hoteli zilikuwa zinajaa wageni na shuka zinajaa duka. Mwaka huu Breki aliazima gari la bosi wake, akalileta mlangoni asubuhi na kupiga honi mpaka nikafunga duka kwa aibu ya majirani.

Barabara inapanda kwa kuzunguka, upande mmoja jiwe, upande mwingine hakuna kitu. Breki alikuwa akifika kwenye kona anaachia usukani mkono mmoja atuonyeshe mandhari, na mama yangu anamwambia mandhari tutayaona wenyewe, yeye aone barabara. Tukafika juu, ziwa likatokea lote kwa mara moja, la buluu, na nyuma yake milima mitatu yenye theluji kileleni. Niliona kwamba ni pazuri. Niliona kama mtu anavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani.

Tulipanga nyumba ya mbao, vyumba viwili na baraza, hatua chache kutoka majini. Hewa ni baridi hata jua likiwaka. Kamba ya nguo ilifungwa kutoka nguzo ya baraza mpaka kwenye msonobari, na mama yangu aliijaribu kwa mkono kabla hata hajaweka begi chini.

Humjui mama yangu vizuri, kwa hiyo acha nikueleze jambo moja. Sisi ni madobi tangu babu yangu. Kwetu nguo chafu hailali. Mama alikwenda kumpongeza jirani aliyejifungua, akarudi mtoto kambusu, na mapazia ya yule mama yako chini ya kwapa. Akiona doa kwenye tai ya daktari, wakati daktari anampima presha, presha inapanda. Huo ndio upendo anaoujua, wala hatuna cha kumwambia, maana sote tumekua ndani yake tukiwa safi.

Sasa Chiriku. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu tangu alipoanza kusema hakupumzika. Siku hizi anasema vizuri tu, ila anasema kama karani. "Asante, Baba." "Pole na kazi, Baba." Njiani alimkumbusha bibi yake dawa, alimpa baba yake mdogo maji, na kila mzaha wa Breki aliucheka kwa heshima, hata ule wa mbuzi na askari ambao haujawahi kumchekesha mtu. Mimi nilidhani mtoto anaendelea vizuri. Nilimwambia hata mama yangu hivyo.

Kitu kimoja nilikuwa nakijua na sikukisema. Marehemu alikuwa na sweta ya kijivu, ile uliyomfumia wewe. Ndiyo aliyoivaa siku za mwisho. Chiriku aliichukua kabla mtu hajaiona, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo na kuuficha nyuma ya viatu vyake. Hakuivaa hata mara moja. Alikuwa anafungua mfuko, anaingiza uso, anavuta pumzi, anafunga tena. Nilimwona mara mbili. Aliificha kwa sababu anajua amezaliwa nyumba gani. Na milimani alikuja nayo ndani ya begi lake.

Siku iliyofuata mwenye mashua alikuja kutuita twende katikati ya ziwa. Mama alikataa, akasema presha yake na mashua hazijatambulishwa. Tukaenda mimi, Breki na Chiriku. Huko majini Chiriku alimuuliza mwenye mashua ziwa lina kina gani, na samaki wa chini wanaona vipi, na kama theluji ikiyeyuka yote ziwa litafurika, na kama mashua ikitoboka nani anaokolewa kwanza. Maswali yalifuatana bila nafasi katikati. Breki alinigusa kwa kiwiko. Mwenye mashua alichoka kujibu, akampa kasia. Nilisema moyoni, huyu ndiye Chiriku, kumbe yupo.

Tulipokuwa tunarudi niliitazama nyumba, na kabla hatujafika nikaona kamba imejaa. Mashati yangu, soksi, vitambaa vya meza vya mwenye nyumba, na mwishoni sweta ya kijivu, imebanwa kwapani kwa vibanio viwili jinsi sisi tunavyobana sweta isivutike. Nguo ni kazi yangu, nilizitambua kwa mbali. Chiriku bado alikuwa anapiga kasia na kuongea. Sikumwambia. Nilimwacha aongee mpaka mashua ikagusa mchanga.

Mama hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alibaki peke yake, akafagia vyumba, akafungua mabegi yetu yote, akakuta sweta imefungiwa kwenye mfuko na kola ina weusi. Aliifua ziwani kwa sabuni ya mche aliyotoka nayo nyumbani, akaisuuza mara mbili, na alikuwa amesimama barazani anatungoja tumsifu.

Chiriku alikwenda mpaka kwenye kamba. Akaishika sweta sehemu ya chini, ilikuwa bado inachuruzika. Akaweka uso. Mama akamwambia kutoka barazani kwamba ilikuwa na fugo kwenye kola, lakini sasa imetakata, aone ilivyo. Mtoto alibaki ameweka uso pale huku maji yanamlowesha gauni.

Breki alipomwona hivyo akaelewa, na ndiye aliyekwenda kumweleza mama, kwa sauti ya chini. Nilimwona mama anakaa kwenye ngazi polepole. Kisha akashika kichwa na kulia kwa sauti. Shemeji, huyu mama hakulia msibani, alikuwa anapika na kuhesabu vikombe. Alilia pale kwa yote. Alimwita mkwewe kwa jina, akamwomba radhi, akasema mikono yake imelaaniwa. Breki akasema maji yakimwagika hayazoleki, akaona maneno hayakukaa vizuri, akaenda kusimama nyuma ya gari. Nikamsikia naye anapenga kamasi huko.

Mimi nilibaki na viatu mkononi. Sikujua niende kwa nani.

Aliyekwenda ni Chiriku. Aliacha sweta, akakaa kwenye ngazi, akamfuta bibi yake uso kwa pindo la gauni lile lililolowa. Akasema, "Usilie, Bibi. Ilikuwa chafu kweli." Kisha akanigeukia mimi. "Baba, mletee Bibi maji na dawa yake, ile nyeupe."

Nikaenda. Nilitii kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikiwa jikoni na glasi mkononi, maji yanamwagika kwenye sinki, ndipo nikaelewa kinachoendelea nyumbani kwangu tangu mwezi wa tatu. Tuna mtu mzima mmoja tu, na ana miaka kumi na mmoja.

Jioni ile alitutengenezea chai sote. Alikwenda kumwita Breki nyuma ya gari, akamwambia hakukosea. Asubuhi sweta ilikuwa imekauka, akaivaa, akakunja mikono mara tatu. Baridi ilikuwa kali na ile sasa ni sweta tu. Mama yangu alipomwona nayo alitaka kuanza tena, nikamwambia yaliyopita si ndwele, anywe chai.

Baada ya chai nilimchukua Chiriku tukatembea ukingoni mwa ziwa. Nilikuwa sina maneno, kwa hiyo nikauliza moja kwa moja.

"Mwanangu, wewe unalia lini?"

Alifikiri. Hakushangaa, alifikiri kama mtu aliyeulizwa ratiba.

"Mkishamaliza nyinyi."

Na mimi hata sijaanza.

Hapo niliumia, Shemeji. Nakuambia wazi kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokisikia kwa miezi yote hii, na kilinipata hapa kifuani mpaka nikashika jiwe. Hakikukaa sana. Tulipofika kwenye gari kilikuwa kimeshaondoka, ganzi ikarudi mahali pake. Lakini nilikuwa nimeshajua jibu lako.

Nilimweleza kwamba umemtaka. Aliuliza nani atampa Bibi dawa. Nikasema mimi. Akaniambia nizitaje. Nikataja: nyeupe asubuhi kabla ya kula, ya njano mchana, ile ya nusu kidonge jioni. Nilikosea ya njano. Akanisahihisha, akanirudisha mwanzo, na nilipozitaja zote bila kosa aliitikia kwa kichwa, akasema basi, atakwenda. Mtihani huo niliufaulu, na sijawahi kufaulu kitu nikajisikia vile.

Kwa hiyo Jumamosi Breki atamleta. Usidhani nampa mtu mwanangu kwa sababu simtaki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wangu upo, ila umelala na siwezi kumfanya mtoto akeshe akiungoja uamke. Sijui itakuwa mpaka lini. Nikianza kuwa mtu nitakuja kumuuliza kama anataka kurudi, na jibu lake ndilo litakalokuwa.

Mambo machache. Akifika ataomba ufagio. Mnyang'anye. Atataka kujua unakunywa dawa gani na saa ngapi, usimwambie. Kitunguu kibichi hali, chumvi anaipenda kupita kiasi, hesabu anaziweza, ushairi anausoma akiwa amejifungia. Ukimkuta amekaa bila kazi, mwache akae. Kila mtu nyumbani kwako awe mkubwa kuliko yeye, hata paka.

Mama yangu anakusalimu sana, anaona haya kukuandikia mwenyewe. Breki anamsalimu mwanyumba na anauliza kama huko kwenu kuna wachumba. Msalimie Mama Mkwe ukimpigia simu, mwambie nitakwenda kumwona. Wasalimie na wajukuu zako, wamtengee Chiriku nafasi kitandani, upande wa ukutani, asiwe yeye wa kuamka kufunga mlango.

Mungu akulinde, akupe nguvu za kumpokea.

Siku moja ataanza. Huenda ikawa juu ya kitu kidogo, sahani imevunjika au mvua imenyesha. Usimnyamazishe, wala usinipigie simu nije kumbembeleza, maana akiniona atafuta uso na kuniuliza kama nimekula. Funga mlango, umpakate, umwache alie mpaka amalize.

Ndimi shemeji yako akupendaye,
Dobi.