Mchanga wa Korongoni

Jumamosi. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Septemba unaokuletea vumbi la jirani mpaka ndani ya chai. Sina raha leo, na sitajifanya ninayo.

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliniuliza hapa: ukitaka kutoka peke yako, ukapumzike bila mtu na bila kelele, hapa Dodoma unakwenda wapi? Nilimjibu kwa mkato kwamba ninapo mahali pangu ila sitapataja, kwa sababu nikipataja tu, Jumamosi inayofuata nitakuta watu wanachoma nyama na wamefungua spika. Ulikuwa uchoyo na nilijua ni uchoyo. Leo napataja. Hakuna tena cha kuficha.

Ni korongo. Ukitoka kwangu Ihumwa ukavuka reli, ukafuata njia ya ng'ombe kama dakika arobaini, unalikuta: mto wa mchanga, mpana, mkavu kuanzia mvua zinapoisha hadi zinaporudi. Ukingoni kuna mkuyu mkubwa ulioinamia ndani, na chini yake mchanga huwa wa baridi hata saa saba mchana. Njiwa wanalia, kanga wanapita kwa mstari kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Basi, hakuna kingine. Ukimpeleka mtu wa Dar atakuuliza mto wenyewe uko wapi.

Mto uko chini. Hicho ndicho mama alichonifundisha kule Haneti nikiwa sijaanza hata shule. Unapiga magoti, unachimba kwa kikombe mpaka mchanga ubadilike rangi uwe mweusi, halafu unaacha. Unasubiri. Maji yanakuja yenyewe, kidogo kidogo. Ya kwanza ni machafu, unayachota unamwaga. Ya pili unamwaga. Ya tatu ndiyo ya kunywa. Sisi watoto tulikuwa tunalia kiu pembeni ya shimo, naye anasema bila kuinua sauti kwamba mwenye haraka atakunywa tope.

Mama ninaishi naye mwaka wa pili sasa. Kumbukumbu zinamtoka. Kila asubuhi naingia chumbani kwake namwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, ananitazama vizuri, kwa adabu zote, ananijibu, "Mbukwenyi."

Kwa msiokuwa Wagogo: hiyo ni salamu ya heshima, unawapa watu wengi au mgeni. Mtoto wako mwenyewe unamwambia mbukwa, yanaisha. Mama yangu mzazi ananisalimia kama karani wa sensa. Angenitukana pengine ingeniuma kidogo kuliko hivyo.

Ila kulikuwa na maji. Maji ya bomba ya huku yana chumvi fulani, sisi tumeshayazoea, yeye anayatema. Jumamosi moja nikamchotea ya korongoni kwenye dumu la lita tano. Akanywa. Akafuta midomo kwa kiganja. Kisha akasema, "Seche, umechelewa."

Sechelela ni mimi. Tangu ahamie kwangu alikuwa hajalitamka jina hilo hata mara moja. Nilimwambia sawa mama, samahani, nikaenda chooni kulia.

Tangu hapo nikawa nakwenda kila Jumamosi. Hayakufanya kazi kila mara. Siku nyingine anakunywa na kuniuliza mwenye nyumba anarudi saa ngapi. Lakini siku nyingine ananiita jina, anauliza kama ng'ombe wamerudi, ananikaripia kwa nywele nilizosuka. Dakika kumi, labda kumi na tano, halafu anapotea tena. Najua maji si dawa, sijachanganyikiwa. Wala sikuyachemsha, wauguzi mnisamehe. Nikiyachemsha anasema yamekufa.

Sasa niungame, maana blogu hii niliifungua ili nisiwe mwongo angalau sehemu moja.

Jirani yangu Mama Jose ndiye aliyekuwa anakaa na mama nikitoka. Nilikuwa namuaga kwamba nakwenda kumfuatia mama maji. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kumkimbia mama. Dumu linajaa kwa saa moja, mimi nilikuwa nakaa saa tatu, saa nne. Nalala chali chini ya mkuyu, viatu pembeni, simu nimeizima. Saa nne nzima hakuna mtu ananitazama usoni akijiuliza mimi ni nani. Kuna Jumamosi nililala pale nikatamani jua lisishuke kabisa. Nilirudi nyumbani na maji yake, na Mama Jose akanisifu kwamba mabinti kama mimi hawapo tena siku hizi.

Kikombe cha kuchimbia nilikuwa nakiacha hukohuko. Nilikifukia kifudifudi karibu na mzizi wa mkuyu, nikija nakitoa. Kikombe cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni, chenye herufi S ubavuni. Mama aliikwaruza herufi hiyo kwa msumari zamani. Nyumbani kila mtoto alikuwa na kikombe chake na herufi yake, tusigombane.

Leo nilipofika nilidhani nimekosea njia.

Mkuyu upo, lakini mizizi yake inaning'inia hewani. Chini yake kuna shimo linalonizidi kimo. Mchanga wote umekwenda, kuanzia hapo mpaka korongo linapokata kona, umekombwa hadi kwenye udongo wa mfinyanzi, mgumu, umepasukapasuka. Alama za matairi makubwa zimejaa kila mahali. Nimeshuka ndani nikatafuta kikombe changu mahali ambapo hapakuwa tena na mahali. Halafu nikapiga magoti nikachimba. Kwanza kwa mkono, kisha kwa jiwe, mpaka kucha ya kidole cha kati ikakatika. Nikasubiri kama nilivyofundishwa. Nimesubiri sana. Mfinyanzi hautoi maji, nalijua hilo tangu utotoni, lakini nilisubiri.

Njia nzima ya kurudi nimewatukana wenye malori, moyoni, na mara mbili kwa sauti. Nimewatukana na hao wanaojenga kila siku kama vile mji huu utahamishwa kesho.

Nyumbani kwangu ninajenga.

Naongeza chumba cha mama, chenye choo ndani, kwa sababu anatafuta mlango usiku na kujigonga ukutani. Fundi ni mtu wa Kondoa, Fundi Rajabu, mpole, anafanya kazi peke yake na haachi swala. Nilimkuta uani anachekecha mchanga wa plasta.

"Pole na jua, dada," akaniambia. "Mchanga wako huu ni msafi mno. Nachekecha tu kwa mazoea."

Kisha akainama kwenye ndoo akachota maji ya kunywa. Kwa kikombe cha bati, cha bluu.

Nilimuuliza amekipata wapi. Akasema kilikuwa humo humo ndani ya mchanga, amekiosha vizuri kwa sabuni. "Kama ni chako chukua, dada. Maana kina S, na mimi ni Rajabu."

Nikakaa juu ya lile rundo la mchanga. Siku kumi zilizopita dereva wa tipa alinipigia simu nikiwa kwenye kikao ofisini. Aliuliza aniletee mchanga wa mlimani au wa korongoni. Niliinama chini ya meza nikamnong'oneza: wa korongoni, ule msafi. Nakumbuka hata nilijiona mjuzi wa ujenzi. Makorongo yako mengi, sikuuliza atachota lipi. Isitoshe Jumamosi iliyopita nilichota maji kama kawaida, nikarudi nikakuta tipa la kwanza limeshamwaga, nikafurahi kwamba kazi inakwenda. Watakuwa walianzia kule kwenye kona. La pili lilikuja katikati ya wiki. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi hata kuchimba sikuchimba, niliagiza kwa simu.

Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua. Ningemwambia nini? Aurudishe mchanga? Tripu mbili zangu hazizibi hata pembe moja ya lile shimo. Na siko peke yangu, ukuta wa Mama Jose nao ni wa mchanga huohuo, na ofisi ninayofanyia kazi, na kanisa jipya. Hakuna wa kumkasirikia ambaye sikutani naye kila siku.

Jikoni dumu la wiki iliyopita lilikuwa limebakiza maji ya kujaza kikombe kimoja. Nilisimama nalo muda mrefu. Wazo la kwanza lilikuwa nimpe kwa kijiko, kijiko kimoja kwa siku, yafike angalau mwisho wa mwezi. Ndivyo binti mwema angefanya. Lakini nilitaka anijue leo. Leo ndiyo nilimhitaji. Nikamimina yote kwenye kikombe chenye S nikampelekea.

Alikishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akameza, akapumzika, akanywa tena mpaka yakaisha. Kidole gumba chake kikapita juu ya ile herufi. Kikarudi. Kikapita tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake.

"Hiki ni cha Seche," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yupo korongoni, amekwenda kuchota maji." Akanirudishia kikombe, kwa heshima, kwa mikono yote miwili. "Akirudi umpe. Asije akagombana na wenzake."

Nikamwambia nitampa.

Kikombe nimekiosha nimekiweka juu ya kabati. Dumu nimelitoa nje, Fundi Rajabu ameliomba la kuwekea maji ya zege. Jumatatu anaanza plasta ya chumba cha mama, na ameniahidi kwamba kwa mchanga wa aina hii ukuta hautapasuka maisha yake yote.

Yule msomaji aliyeniuliza pa kupumzikia, samahani. Ningekujibu mapema ungewahi kupaona.

Kesho ni Jumapili. Nitaingia chumbani kwake nimwamkie shikamoo, naye ataniambia mbukwenyi, na nitaitikia kama wageni wanavyoitikia.