Samaki Wenye Uzi Mwekundu

Mjukuu wangu Aline,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia huko Kigoma. Mtoto anaota meno, nalala nimeketi. Usinicheke: nanyonyesha, lakini kwa ukoo mi ni nyanya yako. Wote wazima.

Unauliza wanyama wasioonekana huhesabiwaje. Nilikuwa rika lako hapa Kanyosha, vita imeanza, majirani wakataka kukausha bwawa letu wagawane tilapia.

“Apana,” mama akasema. “Kesho watoto watakula nini?”

“Kwani unajua wamebaki wangapi?” jirani mmoja akauliza.

Mwalimu, mpangaji wetu, akavua ishirini, akawafunga uzi mwekundu mkiani, akawarudisha majini. Baadaye akavua tena ishirini. Wanne tu walikuwa na uzi.

“Mmoja kwa kila watano,” akasema. “Basi wale ishirini wetu ni sehemu ya tano ya samaki wote. Wamo kama mia.”

Aline, nilitazama maji yale ya tope nikawaona wote. Kila mwezi alirudia, akachora mstari wa mkaa ukutani, kimo chake kikionyesha idadi ya samaki, na kila mstari ulizidi wa mwezi uliotangulia. Majirani wakakubali kungoja.

Sasa nachora mimi. Nitumie sabuni, dawa ya minyoo ya mtoto, na uzi, mwekundu tu, tena mwingi: mistari imekaribia paa.

Nyanya yako