Mama Ameondoka Redioni

Nyumbani kwa Baba,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji na wanangu hawajambo? Na mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Huku miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha mezani nikuandikie.

Usishtuke, Baba yupo. Anakula kwa kubembelezwa, na cherehani yake ameifunika shuka.

Dada, wamefunga kitengo cha sanaa pale kazini. Mchezo wa redio wa Jumapili, kipindi cha mashairi, hata kile cha wachoraji kwenye televisheni, vyote vimeondolewa. Mkurugenzi mpya alituita sisi mafundi mitambo, akasema siku hizi watu wanataka vitu vifupi vya kwenye simu, na saa ya mchezo itakuwa ya mazungumzo ya mpira. Nikamwomba atuachie sehemu moja tu ya mwisho, wasikilizaji waagwe. Akajibu, "Hakuna atakayeuliza." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Unakumbuka Baba na Mama walivyokuwa mume na mke hapa nyumbani, na mume na mke redioni, wakigombana kule kwa maneno ambayo hapa wasingethubutu? Mama alipofariki, mwandishi wa mchezo alitaka na yule mke afe. Wewe ulishaondoka, hukuyaona haya. Baba alikataa katakata. "Andikeni amekwenda kumuuguza dada yake," alisema. Wakaandika hivyo. Tangu hapo, kila wiki Baba aliingia studio akampigia mkewe simu isiyo na mtu upande wa pili. Alimsimulia bei ya vitambaa, akamtania kwa chumvi aliyokuwa akizidisha, kisha akamuuliza, "Utarudi lini?" Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, nikijifanya nashughulika na vitufe vya mitambo.

Kumwambia kuliniangukia mimi. Nilimkuta kibandani kwake cha ushonaji anapinda suruali ya mteja huku akijisemea maneno yake ya mchezo wa Jumapili.

"Baba, mchezo umefungwa."

Akaendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno. "Na yule mke wangu? Wamemwacha wapi?"

"Popote, Baba. Wamesimamisha tu."

"Aha. Basi bado yuko kwa dada yake." Akachukua suruali nyingine. Nami kwa ujinga wangu nikadhani yamekwisha.

Jana saa ya mchezo ilipofika alivaa koti lake la kwendea studio, akawasha redio. Wakaingia vijana wawili kwa kelele, wanabishania penalti. Nilitaka kuzima, akanishika mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wana sauti nzuri hawa. Ila hawapumui." Tukacheka, Dada, kweli tulicheka. Halafu kicheko chake kikakatika. Yule yule ambaye kwenye simu siku ya msiba wa Mama alikufariji wewe, sauti haikumtetemeka hata kidogo, jana alilia mpaka koti likalowa.

Mimi wamenibakiza, nitashika mitambo ya hao wa mpira. Sijui wanao watasikia wapi tena watu wazima wakisemezana taratibu, mmoja akimngoja mwenzake amalize.

Msalimie sana shemeji, uwabusu wanangu. Shangazi anakusalimu, na fundi viatu wa mlango wa pili kwa Baba pia. Mungu akulinde ugenini, akupe usingizi mwema. Ukipata nafasi mpigie Baba. Usimwambie anyamaze, msikilize tu.

Nimekuandikia kwa sababu yeye ndiye aliyenituma. Alipopata pumzi jana alinitazama kama mtu anayetoa habari mpya, akasema, "Mama yenu amefariki. Mwandikie dada yako, asije akasikia kwa watu."

Akupendaye na akuliliaye,
Kitindamimba wenu