Mama mukwe anakanda muguu wa bwana yangu

Mama mushauri, naomba unisaidie na mawazo, juu minye nimechoka kulia na kunyamaza. Bwana yangu Germain walimupasua tumbo kwa hospitali, operesheni ikaenda muzuri, tukarudi nyumbani hapa Likasi na furaha, lakini kisha muguu wa kushoto ukaanza kuvimba, ule mumoja tu, ukigusa unasikia moto, docteur akasema tufanye mbio ekografi ya mishipa ya muguu, ile mashini ya kuangalia ndani ya mwili, Germain akacheka, "Ekografi ni ya banamuke, minye niko na mimba?", na mama yake, mama Adrienne, ametoka Kapolowe na mafuta yake, kila asubui anakanda ule muguu na nguvu mpaka Germain anauma meno, nikisema tuende kwa docteur ananijibu, "Minye njo nilimuzaa, weye ulimukuta na ndevu", na minye mukwe nitamushika mama mukono namna gani?

Marceline

Marceline, barua yako sikuisoma kwa redio kwanza. Nilikupigia simu palepale, juu muguu kama ule haungoji saa ya émission yetu ya redio. Sasa naisoma na ruhusa yenu, bengine basikie.

Heshima yako ni nzuri, lakini ilikuwa karibu kukufanya mujane. Muguu mumoja kuvimba kisha operesheni, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mushipa. Ukiukanda, ile damu inaweza kutoka pale na kwenda kuziba mapafu. Weye uliogopa, ukanyamaza. Hapo nakugombeza.

Mama Adrienne nilimuambia kwa simu ileile, "Mama, mikono yako njo ilimukomalisha Germain. Ipumzike kidogo, tuone kwanza."

Akauliza, "Ile mashini inauma?"

"Hapana, mama."

"Basi nitamupeleka minye mwenyewe."

Akamupeleka. Docteur akaminya mishipa na kile chombo cha ekografi. Mushipa muzima unafinyika. Ule wa nyuma ya goti ulikatala kufinyika, damu ilikuwa imeganda mule. Germain hakucheka tena. Sasa anapata dawa, uvimbe unashuka, na mama yake njo anamukumbusha kumeza.

Asiache dawa juu anaona muguu umepona. Docteur njo atasema siku ya kuacha. Akisikia kifua kinabana ao pumzi inakatika, hospitali palepale, musingoje mutu. Na weye, siku ingine ukiogopa hivi, sema mbele ya bote. Mama mukwe akikasirika, akasirike mutoto wake akiwa muzima.